Namba ya Mang'ola

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walipitia kwenye shimo la udongo mwekundu lililokuwa nyuma ya bustani ya kabichi ya shule. Huyu na karai, yule na ndoo, mwingine na sahani kuukuu aliyoiiba jikoni kwa mama yake. Walichota udongo, wakaukanda kwa miguu mpaka ukalainika, kisha wakaubeba hadi uwanjani. Kufagia darasa walikukimbia na kumwagilia kabichi walikutegea, lakini kazi hii ya udongo waliigombania.

Uwanjani palikuwa na Tanzania nzima. Mwalimu Clemensi, aliyefundisha jiografia, alikuwa ameipima kwa kamba na vigingi, ikawa na urefu wa hatua thelathini kutoka Ziwa Viktoria mpaka Mto Ruvuma. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na mwaka huo wa 1976 shule yao ndogo ya Karatu ilitaka kuwaonyesha wazazi kitu ambacho shule nyingine haina.

"Nchi yetu ni kubwa sana," Mwalimu Clemensi aliwaambia siku ya kwanza, akiwa amesimama katikati ya Dodoma na viatu vyake vyenye tope. "Serikali imeigawa kwa mikoa ili iweze kuihudumia. Lakini kabla ya kuja mkuu wa mkoa hata mmoja, ardhi ilikwisha kujigawa yenyewe. Iko pwani, tambarare na ya chini. Uko uwanda mpana wa kati. Iko milima, kusini na kaskazini. Na liko Bonde la Ufa lililopasua nchi kama mkate. Mvua inafuata mgawanyo huo, mazao yanafuata mvua, na sisi watu tunafuata mazao. Ndiyo maana hapa kwetu tunalima ngano na mahindi, kule juu Ngorongoro watu wanafuga, na kule chini Mang'ola wanamwagilia vitunguu kwa mifereji."

Tatizo lilikuwa atlasi. Shule ilikuwa na moja tu, isiyo na jalada, na ndani yake Karatu, Ngorongoro na Mang'ola vilikuwa doa moja la rangi ya kahawia lisilozidi ukucha. Sehemu nyingine za nchi wangezifinyanga kwa kufuata atlasi. Kona yao wenyewe, alisema Mwalimu, wataipima wenyewe.

Alitoa kipimajoto. Nacho kilikuwa kimoja tu shuleni, kimelala ndani ya kipande cha mwanzi kilichojazwa pamba.

"Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali," alisema. "Mtachemsha maji kwenye sufuria. Yakitokota, mtashikilia kipimajoto kwa uzi kisiguse chini, mtahesabu mpaka mia moja, kisha mtasoma. Namba mtaniletea mimi kwenye karatasi, bila kuonyeshana. Maana yake nitawaambia baadaye."

"Kwa nini usituambie sasa, Mwalimu?" aliuliza Wilibrodi, kiranja wa darasa, mvulana aliyependa kujua mambo kabla ya wenzake.

"Kwa sababu nikiwaambia sasa, mtapika namba badala ya kuchemsha maji."

Darasa zima lilicheka. Pale shuleni walichemsha wote pamoja, wakapata nyuzi tisini na tano. Namba ya Ngorongoro alipewa Nareyu, msichana wa Kimasai aliyekuwa akiishi Karatu kwa mama yake mdogo ili asome, maana nyumbani kwao kulikuwa kule juu kwenye ukingo wa kreta. Namba ya Mang'ola alipewa Bernadina wa kijiji cha Ganako, ambaye mama yake alikuwa akiteremka huko mara kwa mara kuuza mahindi. Nareyu alitangulia. Alirudi na karatasi yake siku ya pili, na kipimajoto kikahamia kwa Bernadina.

Jumamosi Bernadina na mama yake walipanda lori la Mzee Shaabani, mfanyabiashara wa vitunguu wa mjini. Lori lilivyozidi kuteremka ndivyo jua lilivyozidi kuchoma, na kabla hawajafika Bernadina alikwisha kuvua sweta na kulifunga kiunoni. Mfereji wa kwanza wa maji aliouona ulimfanya asahau kila kitu.

Si kwamba hakuwa na nafasi, msimwonee huruma bure. Moto wa wapishi wa vibarua ulikuwa ukiwaka hatua kumi tu kutoka pale mama yake alipotandika magunia. Sufuria zilikuwepo. Lakini kulikuwa na watoto waliokuwa wakijirusha mferejini, nao wakamwita, naye akaingia na gauni lake. Walizibiana maji kwa matope, wakakimbizana kwenye matuta mpaka mwenye vitunguu akawafokea, kisha wakala papai lililoiva mpaka mbegu. Kila mara Bernadina alijiambia, bado kidogo. Mara honi ya lori ikalia.

"Umechemsha maji yako?" mama yake alimwuliza, akimvuta mkono apande juu ya magunia.

"Ndiyo, mama," alijibu Bernadina, nywele zikimdondoka maji.

Njia nzima ya kupanda alitafuta namba. Aliwaza hivi: Mang'ola ni joto. Maji ya mfereji yenyewe yalikuwa vuguvugu. Maji ambayo tayari yana joto hayahitaji joto jingi tena ili yachemke. Kwa hiyo namba ya Mang'ola lazima iwe ndogo kuliko ya Karatu. Hesabu hiyo ilimfurahisha hata akaona kama vile amepima kweli. Jumapili baada ya misa aliandika kwenye karatasi: nyuzi tisini. Aliipenda tisini. Ilikuwa namba safi, isiyo na masalio.

Jumatatu Mwalimu Clemensi aliandika namba zote tatu ubaoni. Karatu tisini na tano. Ngorongoro tisini na mbili. Mang'ola tisini. Alizitazama, akakunja uso, na pengine angesema neno, lakini hapohapo Mwalimu Mkuu alimwita: alitakiwa kwenye mkutano Mbulu, na gari lilikuwa likisubiri.

"Nitarudi Alhamisi," alisema akikusanya vitabu vyake. "Endeleeni na pwani na milima ya kusini. Kona yetu msiiguse mpaka nirudi. Wilibrodi, simamia."

Wilibrodi alisimamia mpaka vumbi la gari likatulia. Kisha akarudi ubaoni na kipande cha chaki.

"Mimi nimeshaelewa," alitangaza. "Mang'ola iko chini, kila mtu anajua, na namba yake ni tisini. Karatu iko katikati, tisini na tano. Maana yake ukipanda, namba inapanda. Sasa Ngorongoro iko juu kabisa. Inakuwaje tisini na mbili?"

Wote wakageuka kumtazama Nareyu.

"Hiyo namba umeitoa wapi?" Wilibrodi alimwuliza.

"Kwenye sufuria," alijibu Nareyu. "Nilichemsha mara mbili. Baba alihesabu pamoja nami."

"Aliogopa baridi, hakuwasha hata moto!" alisema mmoja nyuma.

"Watu wa ng'ombe na kipimajoto, wapi na wapi!" alidakia mwingine, na darasa likaangua kicheko.

Nareyu hakucheka wala hakulia. Alimtafuta Bernadina kwa macho. "Bernadina," alisema, "tumepima sisi wawili tu. Namba yangu na yako haziwezi kukaa pamoja. Mimi nilichemsha. Je, wewe ulichemsha?"

Bernadina aliitazama ile tisini ubaoni. Kusema hapana ilikuwa kazi ya neno moja tu, na baada ya hapo kingekuwa kicheko cha siku mbili, fimbo labda, basi. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na kicheko cha watu alikiogopa kuliko kitu chochote.

"Nilichemsha," alisema.

Wilibrodi alifuta tisini na mbili, akaandika tisini na nane. "Na udongo usiguse," alimwambia Nareyu. "Utatuharibia ramani mbele ya wazazi."

Nareyu aliweka karai lake chini taratibu. Alisafisha mikono yake kwenye majani, akachukua daftari zake, akaondoka. Hakuna aliyemwita.

Siku iliyofuata hakuja shuleni. Wala Jumatano. Saa ya chakula cha mchana Bernadina, ambaye kwa siku mbili hizo alikuwa akila kama mgonjwa, alikwenda mpaka nyumba ya mama mdogo wa Nareyu karibu na soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamtafuta Nareyu? Hayupo. Jana alipata lori la mbao likampandisha kwao." Mama mdogo aliacha kupepeta mahindi. "Alisema hawezi kusoma na watu wanaomwita mwongo. Nilimsihi, hakunisikia. Sasa sijui. Baba yake alisemwa sana na ndugu zake alipomleta shule. Walimwambia mtoto wa kike shule ya nini. Akisikia haya, sidhani kama atamrudisha."

Bernadina alirudi shuleni kwa mguu mzito. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba Nareyu amekasirika. Kwamba Nareyu huenda asirudi tena, hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo, na lilimtia hofu ya kweli, si ile ya kuchekwa.

Jioni akakaa na mama yake jikoni, akashindwa kumeza ugali. Alimweleza yote. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo hata mimi ulinidanganya, nikiwa nimekushika mkono," alisema.

Bernadina alianza kulia.

"Usinililie mimi. Aliyeitwa mwongo ni mtoto wa watu. Kesho mwalimu akishuka tu kwenye gari, mtu wa kwanza kumwona uwe wewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Clemensi hakuwa hata amejipangusa vumbi la safari. Alimsikiliza Bernadina, akashika kichwa, kisha akamwambia, "Haya uliyoniambia mimi, twende ukayaseme walipoyasikia yale ya kwanza."

Bernadina alisimama mbele ya darasa. Alianza, akakwama, akaanza tena. "Mang'ola sikuchemsha maji," alisema. "Nilicheza mferejini. Ile tisini niliitunga. Nareyu alisema kweli."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Mwalimu Clemensi alichukua chaki.

"Sasa nawaambia maana," alisema. "Pwani, maji yanachemka kwa nyuzi mia moja. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi sana maji, nayo yanachemka mapema. Kila mita mia tatu unazopanda, unapoteza kama nyuzi moja. Ukipanda, namba inashuka. Karatu tumepoteza tano, basi tuko mita elfu moja na mia tano. Ngorongoro, Nareyu amepoteza nane. Hiyo ni mita elfu mbili na mia nne, na ndivyo ilivyo. Kwa namba ya Bernadina, Mang'ola pamoja na ziwa lake la Eyasi vingekuwa juu ya Ngorongoro, na vitunguu tungevifuata kwa ngazi."

Hapo wachache walitabasamu, lakini si kwa muda mrefu. Wilibrodi alikuwa amejiinamia. Ile tisini na nane yake ilikuwa bado ubaoni, kwa mwandiko mzuri.

"Nami nina kosa," aliongeza Mwalimu. "Niliona namba hazipatani, nikaondoka bila kuuliza. Jumamosi napanda Ngorongoro. Bernadina, utafuatana nami."

Walipanda ndani ya lori la mbao, katika ukungu mzito uliolowesha nyusi zao. Juu kabisa walishuka, wakafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye boma la Mzee Saruni, baba yake Nareyu, mtu mrefu aliyekuwa amejifunga shuka mbili kwa baridi. Ndama walikuwa wakilia ndani ya zizi. Nareyu alikuwa akikamua, akawatazama mara moja, akaendelea kukamua.

Bernadina alijua desturi ya Wamasai. Mtoto humwendea mzee, akainamisha kichwa, na mzee akamwekea mkono juu yake kama salamu. Alimwendea Mzee Saruni, akainama. Mkono haukuja. Mzee aliendelea kushika fimbo yake, na Bernadina akabaki ameinama hivyohivyo akitazama miguu yake mwenyewe.

"Sema kilichokuleta," alisema Mzee Saruni.

Alisema. Safari hii hakukwama, ingawa machozi yalimdondoka.

Mzee aliegemea fimbo yake. "Uliyesema uongo," aliuliza, "juzi ulikula wapi?"

"Nyumbani kwetu, mzee."

"Ukalala wapi?"

"Kitandani kwangu."

"Na jana?"

"Nilikwenda shule."

"Na huyu aliyesema kweli yuko hapa, anakamua." Alimgeukia Mwalimu Clemensi. "Mwalimu, nilikwisha kusema mbele ya ndugu zangu kwamba harudi. Wamefurahi sana. Lakini aliyetukanwa si mimi. Nareyu, useme mwenyewe."

Nareyu aliinuka na kibuyu chake cha maziwa. Alikifunga mfuniko polepole, na Bernadina akadhani amekwisha kukataa.

"Nitarudi," alisema. "Lakini Mang'ola tutakwenda wote wawili. Kipimajoto nakishika mimi, na yeye atawasha moto."

"Nitawasha," alisema Bernadina haraka. "Na maji nitateka, na kuni nitatafuta."

Hapo ndipo Mzee Saruni alipomwekea mkono kichwani.

Jumamosi iliyofuata walishuka pamoja kwa lori la Mzee Shaabani. Watoto wa mferejini walimwita Bernadina kwa jina, naye akawapungia mkono tu, akaendelea kupuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Maji yalitokota. Walihesabu pamoja hadi mia moja. Nareyu akasoma, akamfanya na Bernadina asome: tisini na sita na nusu. Wakamwaga, wakateka maji mapya, wakachemsha tena. Tisini na sita na nusu.

Jumatatu Wilibrodi alifuta namba yake mwenyewe mbele ya wote, akaandika upya ya Nareyu. Kisha akaokota karai, akalijaza udongo, akamkabidhi. "Ukingo wa Ngorongoro unajenga wewe," alisema. "Sisi tutakuletea udongo." Nareyu alimtuma udongo siku nzima, mpaka kiranja akakosa pumzi.

Siku ya wazazi, watu walijaa uwanjani. Tanzania ilikuwa imelala pale na sehemu zake zote, pwani ikiwa bapa, uwanda wa kati umeinuka kidogo, milima imesimama, na kati ya ukingo wa Ngorongoro na Mang'ola kukiwa na mteremko ambao kila mzazi wa Karatu aliutambua. Mwalimu Clemensi alimwaga ndoo ya maji juu ya ukingo, maji yakateremka mpaka kwenye bakuli la Ziwa Eyasi, na watu wakapiga makofi.

Mzazi mmoja akauliza wamejuaje kimo cha Mang'ola. Mwalimu akamtazama Bernadina bila kumlazimisha. Bernadina akajitokeza.

"Kwanza niliandika tisini," alisema. "Ulikuwa uongo. Baadaye mimi na Nareyu tulipima, tukapata tisini na sita na nusu." Mama yake, aliyekuwa mstari wa mbele, aliinua kichwa.

Watu walinong'ona. Ndipo Mzee Saruni, aliyekuwa ameteremka kutoka Ngorongoro alfajiri, akasogea mpaka ukingoni mwa ramani.

"Mwalimu ameniambia makosa yalikuwa nyuzi sita na nusu," alisema. "Hapa, hizo ni makarai machache ya udongo, yanaondolewa kwa mkono. Kwangu mimi zilikuwa mtoto aliyeacha shule." Alimtazama Bernadina, wala hakumtazama kwa ukali. "Mwanangu, uliogopa watu watakucheka. Sisi sote tunaogopa hilo, hata mimi niliogopa ndugu zangu. Lakini nikuambie, na nyinyi wengine msikie. Ukikosa, kubali aibu yako mapema, ikiwa bado ndogo na ni ya kwako. Ukiikimbia haipotei. Inatafuta mtu mwingine wa kumkalia, na mara nyingi humpata yule ambaye hakufanya lolote."

"Nimesikia, baba," alisema Bernadina.

"Basi mwambie mwenzako."

Bernadina alimgeukia Nareyu mbele ya wazazi wote, akamwomba msamaha kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. Nareyu akamshika mkono uliokuwa na udongo, akasema yamekwisha.